Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Kasri la Kifalme, Warszawa, Poland

YAH: MAELEZO YA KISWAHILI KWA WAGENI WA KASRI

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Siku mtakapoamua kuandika maelezo ya Kiswahili kwa ajili ya wageni wenu, tunaomba jambo moja tangu mwanzo: kila chumba kipewe miaka miwili, mwaka wa umbo (lilipobuniwa) na mwaka wa ukuta (ulipojengwa). Chumba cha Kiti cha Enzi kina umbo la miaka ya 1780, lakini ukuta wake ni wa miaka ya 1970. Mgeni akipewa mwaka wa kwanza peke yake ataondoka akidhani ameona jengo la karne ya 18. Jioni atakutana na picha ya mahali palepale mwaka 1945, kifusi kitupu, naye atahisi amepigwa changa la macho.

Kwa hiyo msianzie kwa watawala wa Mazovia, eneo la Warszawa, na mnara wao wa karne ya 14. Anzieni tarehe 17 Septemba 1939, mizinga ya Wajerumani ilipowasha paa na minara. Mtunza kasri, Kazimierz Brokl, aliuawa siku hiyo. Stanisław Lorentz, mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa, pamoja na watu wake wakaanza kutoa kilichotoleka: michoro, milango, meko za marumaru, mbao za ukutani, hata vipande vya lipu ya nakshi. Wasomaji wetu wengi watauliza lipu iliyovunjika ilikuwa ya nini, na hapo panahitaji jibu la kifundi. Nakshi hujirudia. Kipande kimoja chenye kona nzima humpa fundi kina, mkunjo na kipimo cha ukanda wote. Picha humpa sura tu. Kina haimpi, na nakshi iliyokosewa kina hukosa kivuli chake hata kama mchoro ni sahihi.

Wanajeshi wa Kijerumani wakatoboa kuta kwa keekee, maelfu ya matundu ya kutilia baruti, kisha wakaliacha jengo limesimama hivyo karibu miaka mitano. Baruti ikalipuliwa Septemba 1944. Yaliyobaki ni machache mno: vyumba vya chini, sehemu za mnara wa zamani, Maktaba ya Mfalme, matao ya msanifu Kubicki upande wa mto, na kipande cha ukuta chenye dirisha la makazi ya mwandishi Żeromski, aliyefia humo mwaka 1925. Dirisha hilo tunaliombea maelezo marefu kuliko chumba chochote chenye dhahabu.

Bunge lilipitisha uamuzi wa kujenga upya mwaka 1949, lakini kazi ilisubiri hadi 1971, na fedha nyingi zikatoka kwa wananchi na Wapoland wa nje. Wasomaji wa Arusha, wanaoyajua makaburi ya Wapoland pale Tengeru, hawatahitaji kuelezwa jinsi Vita vya Pili vya Dunia vilivyowatawanya watu hao.

Kisha waelezeni wageni swali lililowakabili wajenzi: warudishe kasri la mwaka gani? Umbo la pembe tano na mnara wa saa wa mita 60 ni la mfalme Sigismund III, kati ya 1598 na 1619. Uso unaotazama mto Vistula ni wa enzi za wafalme kutoka Saxony, Ujerumani, miaka ya 1740. Vyumba vya fahari ni vya mfalme Stanisław August, aliyetawala 1764 hadi 1795. Hakuna siku hata moja ambayo kasri lilionekana hasa kama lilivyo leo, kwani nyongeza za karne ya 19 hazikurudishwa na ukuta wa kale wa matofali ukafunuliwa ndani ya ua. Sisi tunauona uamuzi huo kuwa wa busara. Usipotajwa tu ndipo unapoleta mashaka.

Tahadhari nyingine ni michoro 22 ya Warszawa ya karne ya 18, kazi ya Bernardo Bellotto. Ilikuwa msaada mkubwa wa kuujenga mji wa Warszawa upya, lakini mchoraji huyo wakati mwingine alirekebisha majengo kwa namna yake. Msiiite ushahidi.

Kuhusu maneno: “kasri” tunalitumia, ila kwa msomaji wa Kiswahili neno hilo huleta picha ya sultani na watu wake. Hapa semeni mapema kwamba mfalme alikuwa wa kuchaguliwa, na kwamba tangu Muungano wa Lublin wa 1569 Bunge la Poland na Lithuania lilipangiwa kukutana Warszawa, humohumo ndani. Mkiliacha hilo, hakuna atakayeelewa kwa nini Katiba ya tarehe 3 Mei 1791 ilipitishwa katika Ukumbi wa Seneti wa nyumba ya mfalme.

La mwisho ni saa ya mnara. Ilisimama 1939 mishale ikionyesha 11:15, na baada ya ujenzi ikawashwa tena tarehe 19 Julai 1974 kwa dakika hiyohiyo. Mtafsiri wa haraka ataandika “saa 11:15”, na msomaji wetu ataelewa ni jioni, jua linakaribia kuzama. Andikeni “saa tano na robo asubuhi”, halafu ongezeni mstari mmoja kwamba mishale yenyewe iko kwenye 11 na 3. Asiye na mstari huo atasimama uwanjani akitafuta tano.

Wenu,
Waandishi na watafsiri wa Kiswahili wa mambo ya kale