Vibali vya utafiti vitafutwe mapema

Mhariri, naandika kuhusu ile ripoti yenu ya wanafunzi wa sekondari kwenye mashindano ya kimataifa ya utafiti kama ISEF, yaani yale maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi yaliyoanzia Philadelphia, Marekani, mwaka 1950. Nimefurahi sana, ila kuna kitu kinawaumiza vijana: sheria za ISEF zinataka utafiti unaohusisha watu, hata kama ni dodoso tu, upitishwe na kamati kabla haujaanza, sasa mtoto anakusanya data miezi mitatu halafu anaambiwa kibali hana, kazi yote imeenda na maji, inauma jamani.

Naomba walimu wawape vijana hizo sheria siku ya kwanza kabisa na shule ziunde kamati ya kukagua mapema, tena wamwache mwanafunzi azoee kujieleza mwenyewe maana majaji wanamhoji yeye sio mwalimu.

Msomaji wenu