Barua kwa Mwanangu: Sarojini Naidu na Daftari Lake

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Unasema unaona haya kukaa ukipanga vina na mizani wakati wenzako wako mstari wa mbele wakidai haki, na kwamba umeamua kuacha kutunga. Kabla hujaacha, nikusimulie habari za Sarojini Naidu wa India, mshairi na mpigania uhuru. Naye watu walimwona kama aliyetakiwa kuchagua kati ya kalamu na mapambano.

Alizaliwa Hyderabad mwaka 1879. Baba yake, Aghorenath Chattopadhyay, alikuwa mwanasayansi na alitaka bintiye afuate njia hiyo. Mama yake alikuwa mtunzi wa mashairi ya Kibengali. Akiwa na miaka 11, Sarojini alikuwa akihangaika na swali la aljebra lililokataa kutoka, mara likamjia shairi zima badala ya jibu, akaliandika. Usidhani aliukimbilia ushairi kwa kushindwa masomo. Mwaka uliofuata tu alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Madras.

Mwaka 1895 alipelekwa Uingereza kusoma. Huko mhakiki Edmund Gosse aliyaona mashairi yake yamejaa ndege na maua ya Kiingereza, akamsihi aandike ya kwao. Ndipo wakaja wabeba machela, wauza bangili na wavuvi wa pwani ya Coromandel. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1905. Mimi nikiyasoma mashairi yale huona mapambo yamezidi kidogo. Lakini soma lile la mwaka 1915 juu ya askari wa Kihindi waliokufa katika vita vya Wazungu. India mwenyewe ndiye anayesema humo, kama mama aliyefiwa, akiwataja wanawe waliolala kwenye mchanga wa Misri na kando ya bahari ya Uajemi, na kudai damu yao ikumbukwe. Hapo hakuna pambo la bure hata moja.

Sarojini alikutana na Gandhi London mwaka 1914. Alimkuta amekaa sakafuni juu ya blanketi la jela, anakula nyanya zilizopondwa katika bakuli la mbao, naye Sarojini akaangua kicheko palepale. Urafiki wao ulianzia kwenye kicheko hicho. Miaka kumi baadaye Sarojini alikuja hadi Mombasa kuongoza kikao cha chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki, na mwaka 1925 huko Kanpur akawa mwanamke wa kwanza wa Kihindi kuwa rais wa Congress, chama kilichopigania uhuru wa India.

Lakini siku ninayotaka uitazame kwa karibu ni tarehe 21 Mei 1930, kwenye mashamba ya chumvi ya Dharasana, Gujarat. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeihodhi chumvi na kuitoza kodi. Gandhi alikuwa ameshakamatwa, na Abbas Tyabji aliyeshika nafasi yake pia. Zamu ya kuwaongoza waandamanaji waliopinga hilo ikamfikia Sarojini. Aliwaambia watu wake, zaidi ya elfu mbili, kwamba watapigwa, na wasiinue hata mkono kujikinga. Wakasonga safu kwa safu. Polisi waliwapiga vichwani kwa virungu virefu vyenye chuma nchani, wanaanguka, wanabebwa, safu nyingine inakuja. Ofisa alipomgusa mkono kumkamata, aliutikisa mkono wake akasema atakwenda mwenyewe, ila asimguse.

Niambie, mwanangu, maneno ya kumfanya mtu asimame mbele ya kirungu bila kuinua mkono yanatoka wapi? Yeye alikuwa amekesha miaka mingi akipima uzito wa neno mojamoja. Kazi ile ya kukaa peke yake na kalamu ndiyo iliyompa sauti ya kusimama mbele ya umati. Kwa hiyo sikubaliani na unaposema kwamba kutunga ni kujificha.

Alifungwa tena mara kadhaa. India ilipopata uhuru mwaka 1947 alifanywa gavana wa jimbo la United Provinces, mwanamke wa kwanza kushika ugavana nchini humo, akafariki Lucknow akiwa kazini, Machi 1949.

Wapo wanaosema siasa ilimuua mshairi, kwa kuwa baada ya kitabu cha mwaka 1917 hakutoa tena diwani mpya ya mashairi. Hasara ipo, sikatai, maana ni mashairi mangapi yalipotelea kwenye mikutano na treni? Lakini mwaka 1961 binti yake Padmaja alichapisha mashairi ambayo mama yake aliyaandika mwaka 1927, katikati ya pilikapilika zote zile. Kumbe alikuwa akitunga.

Nenda kwenye mapambano, nakubariki. Daftari lako lichukue, na utakayoyatunga huko niletee niyasome.

Akupendaye,
Mama yako