Malalamiko kuhusu masasi ya milimita 9 yasiyofikia mwendo ulioandikwa kwenye boksi

Lubumbashi

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Masharti yenu ya kurudisha bidhaa unayajua kuliko mimi.

Boksi linasema mita 390 kwa sekunde. Nimepiga masasi 20 mbele ya kifaa cha kupima mwendo, mita 3 kutoka mdomo wa mtutu. Wastani ni 338. La chini 311, la juu 362, na maganda mawili yalikwama. Najua mtutu wa kupimia kiwandani huenda ni mrefu kuliko wangu wa milimita 102, kwa hiyo mita 20 nawaachia. 52 zote zinazopungua siziachi! Kwa risasi ya gramu 7.45, jouli 567 zimekuwa 426: robo ya nguvu niliyolipia haimo. Wala msisingizie hewa ya hapa. Tuko juu mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi, risasi inazuiwa kidogo kuliko pwani.

Hayo ningeyavumilia. Nilimpa kijana wenu wa mauzo karatasi ya vipimo. Hakuisoma. Alinitazama mikono, akasema mbele ya wateja wanne: "Papa, masasi ni mazima. Ni mikono yako inatetemeka." Wakacheka.

Kijana huyohuyo, siku ya kuninunulisha, ndiye aliyenisomea kwa sauti hiyo 390, kidole kikiwa juu ya namba! Nikatoa dola 180 kwa maboksi 6. Na kabla ya kuja kwenu nilipima tena, akipiga mwenzangu wa klabu, kijana wa miaka 30, kwa bastola yake. Akapata 341. Naye anatetemeka?

Bwana Mkurugenzi, mkono ukitetemeka, risasi inakosa shabaha. Mwendo wake haupungui. Muuza masasi asiyejua hilo anauza nini? Nilisimama pale na umri wangu, karatasi mkononi, naye akaichukua, akaiweka mezani, akatua kikombe chake cha chai juu yake. Juu ya namba zangu! "Ni mikono yako, Papa." Watu wakacheka, mmoja wao jirani yangu wa Kamalondo, ambaye watoto wake wananiamkia kila asubuhi.

Naomba mnirudishie dola 180. Naomba pia kijana huyo aniombe radhi palepale, wateja wakiwepo. Na kwa kuwa wenzangu wa klabu wana maboksi 22 ya fungu hilohilo, mtayarudisha hayo pia, na fungu lote litoke dukani, maana tofauti ya mita 51 ndani ya boksi moja ni baruti iliyopimwa ovyo.

Nawapa siku 7. Siku ya 8 nitakuwa Tribunali (mahakama) ya Biashara na fakitire (risiti ya ununuzi), maboksi na shahidi wangu wa Kamalondo.

Naambatanisha fotokopi ya vipimo. Karatasi yenyewe, yenye duara la kikombe, inabaki kwangu.

Wenu kwa heshima,
Mteja wenu wa miaka 9