Barua kwa mdogo wangu: daftari la Mbayuwa halikupotea

Mdogo wangu,

Ujumbe wako niliupata zamani, na nimekaa kimya mpaka umechoka kuuliza. Ulitaka kujua jambo moja tu: kama lile daftari liliwahi kuonekana, maana mwanao mkubwa ameanza kuchora visiwa na ungependa aone cha baba yake. Cha baba yake. Niliyasoma maneno hayo nikaweka simu kifudifudi. Halafu nikaenda kabatini nikalitoa, kwa sababu halijapotea hata siku moja. Liko kwangu. Lilikuwa kwangu hata siku ile niliyokuapia kwamba limepotea katika kuhama.

Sasa umejua. Nakuandikia hapa mbele ya watu kwa sababu tukizungumza nitakukata kauli, wewe utacheka, kisha tutaulizana habari za watoto na kuagana. Tumeagana hivyo miaka mingi.

Wanaosoma hapa hawaijui Mbayuwa, kisiwa tulichokitunga wawili utotoni katika daftari lile, na sitawazungusha kisiwa kizima. Wewe wajua. Jina tulilipata kwa sababu ulikuwa hulimalizi neno mbayuwayu, na mimi nikasema basi, hiyo nusu inatosha kuwa nchi. Wajua Mlango wa Papa, na Mto Usemao, na Jiwe la Kikao walipoketi wazee wa koo saba kumchagua malkia. Wajua kwamba vele ni bahari yetu na tovele ni bahari ya wengine. Tovele lilikuwa neno lako. Ni zuri kuliko maneno yote niliyoyatunga mimi, na sikukuambia wakati ule kwa sababu nilikuwa mkubwa na ilinipasa kuwa hodari zaidi.

Merikebu zako nilizipinga, hilo nalikubali. Nilitaka Mbayuwa ikae peke yake, koo zake saba na mvua zake mbili, asije mtu. Wewe ndiye uliyesema haiwezekani. Ulikuja na kamusi mkononi ukanionyesha kwamba bendera, meza na leso tumevipata kwa Wareno, ukaniuliza: sisi tunaongea hivi kila siku, Wambayuwa kwa nini wasiguswe? Ukanionyesha bendera ya Hawaii, ya ufalme wao wenyewe kabla haijawa ya jimbo la Marekani, na ile bendera ya Uingereza pembeni. Sikuwa na jibu. Nikakuachia Wakarwela wako waingie kwa Mlango wa Papa na msalaba wao na mizinga yao. Ulikuwa na haki, mdogo wangu. Ufalme ulianza kupumua siku ile.

Na ule mkataba! Sijafanya na mtu yeyote kazi iliyonipa raha kama ile. Safu mbili katika ukurasa mmoja: mimi naandika kwa upande wa Malkia, wewe kwa upande wa Wakarwela, kila mmoja amefunika wake kwa kiganja. Tulipofunua, kifungu cha kwanza changu kilisema "tunawaazima ufukwe," na chako kilisema "tumepewa ufukwe." Ulitaka tusawazishe. Nikasema hapana, tuuache hivyo hivyo, huo ndio mkataba wenyewe. Nilikuja kusoma baadaye kuhusu mkataba wa Waitangi, kati ya Waingereza na machifu wa Kimaori kule New Zealand, tarehe 6 Februari 1840, nikakukumbuka mpaka nikasimama. Nakala ya Kiingereza inasema machifu walikabidhi mamlaka yote. Nakala ya Kimaori, ambayo ndiyo wengi wao waliitia sahihi, inasema walitoa utawala tu na wakabaki na mamlaka yao kamili juu ya ardhi na vijiji vyao. Ugomvi wa safu hizo mbili bado uko hai. Nasi tulikuwa watoto, tuliufikia wenyewe kwa kalamu mbili. Nilitaka kukupigia usiku ule ule. Sikupiga, kwa sababu ya lile lingine.

Wewe huliiti kitu. Nilipoligusia mara moja, ukasema, "Dada, ilikuwa karatasi." Basi nisikilize.

Nilikuwa nimetoka shule ya bweni, muhula wa kwanza kuwa mbali nawe. Ulikuwa na miaka 14. Nilifika nikakukuta na wenzako watatu mmezunguka meza, daftari liko wazi kwenye ramani, na wewe unawasomea kwa sauti ya mtangazaji: "Kisiwa kiligunduliwa mwaka 1611, kikiwa kitupu." Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasogea. Mlango wa Papa ulikuwa umeitwa Mlango wa Mtakatifu Augusto. Mto Usemao ulikuwa Mto Leonora. Karatasi ilikuwa imeota manyoya kwa kusuguliwa na ufutio, na pale lilipokuwa Jiwe la Kikao palikuwa na tundu. Ulisugua mpaka ukatoboa. Nikakuuliza, tena kwa upole, wako wapi watu? Ukaniangalia, ukawaangalia wenzako, ukasema: "Hapakuwa na mtu." Wakacheka. Nawe ukacheka pamoja nao.

Tundu lile nalikumbuka kuliko kicheko. Ukiinua ukurasa kwenye mwanga unaona ukurasa wa pili, orodha ya malkia, jina la kwanza limekaa sawasawa katikati yake kama mtu anayechungulia.

Najua utasema nini, ulishasema siku ile: visiwa vitupu vilikuwepo kweli. Ulinitajia Mauritius. Ni kweli. Waholanzi walipoweka makazi yao mwaka 1638 hawakukuta wenyeji, wakaja Wafaransa mwaka 1715, Waingereza wakakiteka mwaka 1810, na hakuna ufalme wa kale uliofutwa pale. Lakini hata huko watu walioletwa kwa nguvu kutoka Madagascar na pwani ya Afrika Mashariki ndio waliolima, na mashamba yakabeba majina ya wengine. Tena, mdogo wangu, Mbayuwa haikuwa Mauritius. Mbayuwa tuliiwekea watu kabla hatujaiwekea pwani. Ulikuwepo. Uliwahesabu mwenyewe, koo kwa koo.

Kinachonishinda kuelewa ni kwamba ulikuwa mtoto uliyemlilia Ranavalona wa Tatu, malkia wa mwisho wa Madagascar. Nilikusomea mimi, umelaza kichwa begani kwangu: Wafaransa wakamwondoa Madagascar mwaka 1897, wakampeleka Réunion, kisha Algiers, akafia huko mwaka 1917, na mifupa yake ikarudishwa nyumbani mwaka 1938. Ulihesabu kwa vidole, ukasema, "Miaka 21 ndani ya udongo wa wengine," ukalia. Mtoto yule alikwenda wapi katika muhula mmoja? Nimejiuliza sana. Labda alikuwa anaona haya mbele ya wenzake. Labda malkia na mawe vilikuwa mambo ya dada, na merikebu mambo ya wanaume. Ungeniambia hivyo ningekuelewa. Ulinyamaza.

Nikushauri kuhusu mwanao, kwa sababu shangazi ana haki ya kushauri. Asianze na ramani. Ramani huchorwa na anayefika. Mwambie aanze na watu: wanaamkiana vipi, nani anarithi, wanamzika nani wapi, wanagombea nini. Wageni waje baadaye, na wakija wakute mahali pana majina, hata kama watayatamka vibaya. Mwonyeshe Unguja. Kila mtu anasimulia vile vita vya tarehe 27 Agosti 1896, vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia, Mwingereza upande mmoja na kasri ya Sultani upande wa pili, utadhani kisiwa kilikuwa na pande mbili tu. Kabla Seyyid Said hajahamia pale kutoka Oman alikuwepo Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji, na wa mwisho wao alifariki mwaka 1873, magofu ya jumba lao yako Dunga hadi leo. Mzizi juu ya mzizi. Mwanao akilijua hilo, atatunga kisiwa chenye uzito.

Na mwonyeshe Liliuokalani, malkia wa mwisho wa Hawaii. Walimpindua Januari 1893, mwaka 1895 wakamfungia ndani ya jumba lake mwenyewe, na yeye akakaa anautafsiri utenzi wa kale wa nasaba ya ukoo wa kifalme, uanzao tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Akauchapisha mwaka 1897. Mwaka uliofuata Marekani ikavichukua visiwa. Mimi namwelewa mama yule. Ukishanyang'anywa nchi unakamata orodha ya majina na huiachii. Ndivyo nilivyofanya. Nililichukua daftari usiku ule ule, nikaliweka chini ya nguo zangu, nikarudi nalo shuleni. Nilikuwa nawaokoa. Kama ningeliacha kwako, mwisho wa muhula wa pili ungekuwa umesugua mpaka orodha ya malkia, na leo mwanao asingekuwa na cha kuona. Nilifanya alichopaswa kufanya mkubwa. Nimejiambia hivyo kila nilipolifungua kabati.

Lakini kuna jambo lingine, na hili nalisema taratibu.

Nilipofika bwenini nilirudisha majina yote kwa wino, juu ya yako. Mlango wa Papa, Mto Usemao. Jiwe la Kikao nililibandikia kipande cha karatasi nyuma ya tundu. Hapo ningeishia. Sikuishia hapo. Nilifungua ukurasa wa mkataba, nikachukua wembe, nikakata safu yako. Yote, kifungu cha kwanza mpaka cha tisa, mwandiko wako wa zamani, ule wa kuinamia kushoto. Nikakata na michoro ya merikebu, hata ile yenye mbwa kwenye omo uliyoichora ukiwa na homa. Nikavichana vipande vidogo nikavitupa. Nilijisikia vizuri siku nzima, na siku iliyofuata. Nilipokisoma tena kisiwa changu kilichosafishwa, Malkia alikuwa anazungumza peke yake. "Tunawaazima ufukwe." Anamwazima nani? Hapakuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kukudanganya. Mwanzoni nilisema limepotea ili nisikukabidhi. Baadaye nilisema limepotea ili usione nilichofanya. Mama hajui mpaka leo. Nakuomba asikie kwangu kwanza. Unakumbuka alitafuta nyumba nzima siku ile ya kuhama, akafungua mpaka magunia, kwa sababu wewe ulikuwa umekaa mlangoni hutaki kupanda gari? Nilisimama pale nikamsaidia kutafuta. Mikono yangu ilikuwa inapekua magunia.

Bado nina hasira nawe. Sitaki udhani nimeandika yote haya ili kuyafuta. Ulisema hapakuwa na mtu, na ulijua walikuwepo, na ulilisema ili wavulana watatu wacheke. Sijakusamehe lile, na nimejaribu. Lakini ulikuwa na miaka 14 na ufutio, mimi nilikuwa na miaka 17 na wembe.

Daftari nitalituma. Nimelifunga kwa kitambaa na juu yake nimeandika jina la mwanao, si lako, usinune. Limechoka mgongoni, alishike kwa mikono miwili. Ukurasa wa ramani usiusafishe: aone mwandiko wako chini ya wangu, na tundu, na kile kipande nilichokibandika, ambacho kimegeuka rangi ya chai. Akiuliza nani alifanya nini, mwambie ukweli wa pande zote mbili, na kama huwezi kuusema wa kwangu bila kunitetea, niite nimwambie mimi.

Lakini ukurasa wa mkataba una nusu moja, na hiyo nyingine haiko popote isipokuwa kichwani mwako. Nimekaa jioni tatu najaribu kukumbuka ulichoandika. Cha kwanza nakikumbuka. Cha pili kilihusu maji ya kunywa ya mabaharia. Cha tatu nadhani kilikuwa cha kengele, kwamba mtaipiga asubuhi tu. Cha nne sikipati kabisa, na ndicho tulichogombania mpaka tukazimiwa taa. Upande wangu unasema: "Wageni watakaa pwani mpaka mvua ya pili."

Wako ulisemaje? Niandikie kabla sijalipeleka posta. Nimeiachia nafasi.

Dada yako