Usiache kuja ukumbini

Rafiki yangu wa dhati,

Barua yako nimeipata, nikaisoma, nikaiweka, usiku nikairudia tena. Mengine tutazungumza tukionana. Lakini hili la kwamba umeacha kwenda kwenye maonyesho ya stendapu, yale ya mchekeshaji mmoja peke yake jukwaani, mpaka utakapoona umeiva, hili siwezi kulingojea. Unasema unaogopa vichekesho vya wenzako vitakuingia kichwani vije vitoke kinywani mwako bila wewe kujua. Tena unasema tangu usiku ule ulipopanda jukwaani na watu wakakunyamazia dakika nne nzima, kumtazama mtu mwingine akichekesha kunakuuma.

Hilo la pili nalijua vizuri. Kuna kipindi nilikuwa nakaa viti vya nyuma nimefumbata mikono, nahesabu makosa ya aliye jukwaani, sicheki. Nilirudi nyumbani na uchungu mtupu, wala sikujifunza kitu.

Kilichonibadilisha ni usiku tatu. Mchekeshaji mmoja alikuwa anaandaa onyesho lake la saa nzima, akawa anavijaribu vipande vyake kwenye ukumbi mdogo, siku tatu mfululizo. Nilikata tiketi za siku zote tatu. Siku ya kwanza alisema hivi: "Baba yangu hahitaji simu akiongea na dada yangu aliye ng'ambo, maana sauti yake ni kubwa mno, inafika yenyewe." Wawili watatu walicheka, waliobaki wakatabasamu kwa heshima. Akapita.

Siku ya pili kichekesho kilekile kilikuja na sura nyingine: "Dada yangu yuko ng'ambo. Kila Jumapili baba hutoka nje, husimama wima, huvuta pumzi, kisha humsalimu. Siku nyingine huikumbuka simu." Hapo watu walicheka, ila kicheko kilikuja vipandevipande, wengine wakianza kabla hajamaliza. Siku ya tatu hakubadilisha chochote isipokuwa mwisho: "Siku nyingine hukumbuka kubeba simu." Ukumbi mzima ulilipuka kwa pamoja.

Nilikaa na jambo hilo wiki nzima. Siku ya kwanza "simu" ilitajwa mapema, ikafuatiwa na maelezo, kwa hiyo hapakubaki cha kugundua. Siku ya pili neno lilikuwa mahali pake, mwisho kabisa, lakini ile "i" ndani ya "huikumbuka" ilikuwa inavujisha siri. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia kiambishi anaanza kutafuta jina la ngeli hiyo, na wepesi wa akili wakalifikia kabla ya msemaji. Siku ya tatu siri ilikaa mpaka neno la mwisho, na hicho kitenzi "kubeba" kikatupa picha ya mzee akitoka mikono mitupu. Mwenzangu, hii ni lugha yetu yenyewe inavyofanya kazi! Sarufi tuliyokaririshwa shuleni ndiyo inayoamua kama watu watacheka pamoja au mmojammoja. Nilifika nyumbani nikachukua penseli, nikapitia vichekesho vyangu vyote, nikakuta sita vinavyovuja namna hiyohiyo. Vitano nimevirekebisha. Kimoja bado kinanishinda.

Sasa niambie, hapo nimeiba nini? Baba ni wake, dada ni wake, simu ni yake. Nilichoondoka nacho ni swali: neno gani linatangulia kutoa siri? Ukija ukumbini na daftari, andika jinsi jambo lilivyofanyika, maneno yenyewe usiyaandike. Andika alinyamaza wapi na kwa muda gani, aligeukia upande upi, watu walianza kucheka kwenye silabi gani. Na asiyehudhuria ndiye aliye kwenye hatari zaidi ya kurudia ya wengine, kwa sababu watu wawili wanaweza kufikia wazo moja bila kuonana, na usipokuja hutajua kwamba hilo la kwako limeshasemwa jukwaani mwezi mzima. Mimi nikitilia shaka mstari wangu, huwauliza wenzangu wanaohudhuria. Wakisema wameusikia, naufuta, hata kama naupenda.

Najua utaniambia unatazama video. Mimi pia natazama. Lakini onyesho kubwa lililorekodiwa mara nyingi limepigwa picha zaidi ya usiku mmoja, vipande bora vikaunganishwa, kimya kikakatwa. Kile kimya ndicho ninachotaka ukione. Richard Pryor, yule mchekeshaji wa Marekani, kabla ya filamu ya onyesho lake iliyotoka 1979, alikuwa akipanda jukwaa la Comedy Store, ukumbi wa vichekesho kule Los Angeles, kuvisuka vile vipande mbele ya watu. Sisi tunaona kitambaa kilichokwisha kufumwa, tunadhani kilizaliwa hivyo.

Tena kicheko chenyewe ni kitu cha watu wengi. Mwanasaikolojia Robert Provine, aliyekichunguza kicheko miaka mingi, alikuta kwamba mtu akiwa na wenzake hucheka takriban mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Kwa hiyo ukikaa na simu chumbani ukaona kichekesho hakikuchekeshi, bado hujakipima. Kuna siku nilimwona mchekeshaji yuleyule katika kumbi mbili. Ya kwanza ilikuwa na dari refu, viti vimeachana, safu ya mbele tupu. Ya pili ilikuwa finyu, dari chini, watu wamebanana bega kwa bega, jukwaani mwanga na kwenye viti giza. Maneno hayakutofautiana sana. Katika ile ya kwanza kicheko kilikuwa kinapotea juu kabla hakijamfikia jirani. Tangu hapo, nikiitwa kupanda mahali huwahi mapema, na kama safu ya mbele iko tupu huwaomba watu wasogee. Huenda usiku ule uliokuumiza nao ulikuwa na viti vitupu mbele yako. Ulitazama?

Na MC, yule mshereheshaji, tafadhali mtazame MC. Wengi wetu tunamwona kama mtu wa kutaja majina. Mtu akishindwa kuchekesha jukwaani, yeye ndiye anayeingia kwenye ule ubaridi na kuupasha joto upya ili anayefuata asiubebe. Nimemwona mmoja aliyesimama sekunde kadhaa bila neno, akawaacha watu wapumue, ndipo akaanza kuzungumza nao taratibu kuhusu walikotoka na walivyofika. Hakusema lolote baya juu ya aliyeshuka. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Nenda hasa kwenye zile usiku za wanaojaribu, ambako kila mtu anapewa dakika tatu au tano, na taa ikiwaka nyuma unajua muda umekwisha. Huko ndiko utaona aliyepuuza taa akala muda wa mwenzake, utaona pia aliyekatiza kichekesho kizuri katikati kwa sababu ya taa, akashuka na adabu zake. Uone jinsi mtu anavyomjibu anayeropoka kutoka kwenye viti bila kumdhalilisha, na jinsi ukumbi unavyomgeuka akimdhalilisha. Na ucheke. Hili nakuomba kwa moyo wote: ucheke kwa sauti kinapokuchekesha. Aliye juu pale anasikia kila kicheko, na wewe unajua kukosa kunavyouma.

Simu iache mfukoni. Wachekeshaji wakubwa kadhaa, Dave Chappelle na Chris Rock wakiwemo, hufungia simu za watazamaji kwenye mifuko maalumu hadi onyesho liishe. Wengine huona ni kiburi. Mimi naona ni haki, kwa sababu kichekesho ambacho hakijakamilika hakistahili kuanikwa. Na tiketi tulipe, hata kwa ndugu zetu tunaoanza nao. Mwaka 1979 wachekeshaji wa Los Angeles waligoma kwa sababu jukwaa la ile Comedy Store lilikuwa haliwalipi, na iliwabidi wasimame nje na mabango ndipo wakaanza kulipwa.

Umegusia pia umri, kwamba umechelewa kuanza. Phyllis Diller alipanda jukwaa kwa mara ya kwanza kama mchekeshaji mwaka 1955, San Francisco, akiwa na miaka 37 na watoto watano. Kabati lake la vichekesho, lenye kadi zaidi ya 50,000, sasa limehifadhiwa Smithsonian, makumbusho ya taifa ya Marekani. Kadi moja, kichekesho kimoja. Mimi nimefika daftari la nne. Wewe uliniambia una la pili ambalo hujalimaliza, lilete.

Ijumaa ijayo kuna usiku wa wanaojaribu na nimeshachukua tiketi mbili. Sijajiandikisha kupanda, wewe nawe usijiandikishe. Tutakaa safu ya tatu pembeni, pale ambapo mtu anaweza kuona jukwaa na nyuso za watu kwa wakati mmoja. Ikikuuma tutatoka nje tupumue, halafu turudi. Baada ya hapo nataka tukikalishe kile kichekesho chako cha lifti mezani, kwa sababu nimekifikiria sana na nadhani "mlango" unautaja mapema mno.

Nijibu upesi, nijue kama nikungojee mlangoni.

Wako akupendaye,
Mwenzako wa daftari