YAH: Malalamiko kuhusu vifurushi vya msimbo vilivyobadilika bila taarifa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu mnayajua, sitayarudia. Vifurushi vya tar.gz (mafaili ya msimbo yaliyokusanywa pamoja na kubanwa) ambavyo seva zenu za kutunzia msimbo huvitengeneza pale mtu anapopakua toleo la mradi vilibadilika bila taarifa yoyote, cheksamu zote za SHA-256 tulizokuwa tumezihifadhi (alama zinazokokotolewa kutoka kwenye faili ili kuhakiki kwamba halijabadilika) zikavikataa, na mitambo yetu ya kujenga programu ikasimama. Ilistahili kusimama, kwani cheksamu haijui kubagua badiliko dogo na kubwa: baiti moja ikigeuka, mfuatano mzima wa tarakimu 64 huja kivingine.

Hilo peke yake tungelivumilia. Lisilovumilika ni jibu la afisa wenu. Tulimwandikia kwa adabu, tukaambatisha vipimo, naye akajibu kwa mistari miwili kwamba faili limeharibikia kwetu, tusafishe virusi kwenye kompyuta zetu, na kama tuna haraka tuzime uhakiki wa cheksamu. Kisha akaifunga tiketi.

Vipimo hivyo, ambavyo ni dhahiri hakuvifungua, vilionyesha jambo moja jepesi. Tulichukua kifurushi cha zamani na kipya, vyote vya komiti ileile (yaani hali ileile ya msimbo iliyohifadhiwa), tukaondoa mbano wa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa faili, basi, tukapima faili la tar lililobaki: cheksamu zikafanana herufi kwa herufi. Msimbo haukuguswa, kilichobadilika ni namna ulivyobanwa. Git, programu inayotunza historia ya msimbo na kutengeneza vifurushi hivyo, katika toleo la 2.38 iliacha kuiita programu ya gzip ya nje, ikaanza kubana yenyewe kwa kutumia maktaba ya zlib, na njia hizo mbili hutoa baiti tofauti kutokana na data ileile, ingawa ukizifungua unapata kitu kimoja. GitHub, wanaotunza msimbo wa watu kama ninyi, yaliwakuta hayahaya tarehe 30 Januari 2023 walipopandisha Git yao; wajenzi wa programu wakalalamika, nao wakarudisha utaratibu wa zamani siku ileile. Ninyi mlikuwa na mfano huo mbele yenu, bado mkaturudisha kutafuta virusi.

Sisi si watu wa kulaumu ovyo. Kabla ya haya, kifurushi kingine kiliwahi kutubadilikia kwa sababu wenye mradi walitumia export-subst, mpangilio wa Git wa kujaza taarifa ndani ya faili kifurushi kinapotengenezwa, kuandika namba fupi ya komiti, na hazina ya msimbo wao ilipokua, namba ile ikarefuka kwa herufi moja. Tulichunguza wenyewe, tukaona halikuwa kosa lenu, tukanyamaza.

Lakini narudi kwenye jibu lile, maana bado linaniuma. Nililisoma kwa sauti kikaoni mteja wetu akiwa amekaa mbele yangu akisubiri kujua kwa nini kazi yake imechelewa, na nilipofika kwenye "safisheni virusi" alinitazama kama mtu aliyekabidhi mali yake kwa wazembe. Halafu likaja lile la "zimeni uhakiki". Hayo yanaandikwa baada ya Machi 2024, ilipogundulika kwamba vifurushi vya xz (programu ya kubana mafaili) toleo la 5.6.0 na 5.6.1 vilibeba hati ya amri za hila ambayo haikuwamo kwenye hazina yake ya Git! Kampuni inayotunza msimbo wa watu inamwambia mteja azime kengele, kisha inamfungia mlango.

Mwanzoni nilikusudia kuomba maelezo na radhi tu. Sasa ninadai zaidi: mrudishe mbano wa zamani kwa matoleo yote yaliyokwisha kutolewa, mtangaze mapema kila mnapokusudia kubadilisha Git kwenye seva zenu, na mruhusu mwenye mradi kupakia kifurushi chake mara moja kikahifadhiwa kama kilivyo, pasipo kutengenezwa upya kila kinapoombwa. Radhi itolewe kwa maandishi, na imtaje mteja wetu, kwa kuwa ndiye aliyetuona tukifedheheshwa.

Ada ya mwezi ule mitambo yetu iliposimama mtairejesha yote. Nisipopata jibu la mtu aliyevisoma vipimo ndani ya siku 14, tutahamisha hazina zetu zote, na barua hii pamoja na jibu la afisa wenu, neno kwa neno, vitakwenda kwa mwanasheria wetu na kwa kila kampuni inayotuuliza ihifadhi wapi msimbo wake.

Wako,
Mkuu wa Kitengo cha Programu