Mwimbaji Anayekawia Kuimba

Langoni, Lamu
Novemba 2025

Kwako sahibu yangu Athmani,

Assalamu alaykum. Natumai wewe na jamaa wote wa Malindi hamjambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi.

Umeniandikia kwamba albamu niliyokusifia, Songs of a Lost World ya kundi la The Cure, uliizima kabla dakika tatu hazijatimia, kwa kuwa ulimngoja mwimbaji na mwimbaji hakuja. Nilicheka, kisha nikaona nikujibu kwa kirefu, kwani umeondoka barazani wakati mwenyeji yumo ndani avaa kanzu.

Katika wimbo wa kwanza, "Alone", Robert Smith, mwimbaji wao, hafungui kinywa mpaka dakika ya tatu imekwisha pita, na katika "Endsong", ule wa mwisho unaozidi dakika kumi, utamngoja zaidi ya dakika sita, magitaa na ngoma vikienda taratibu kama jahazi lililokosa upepo. Mwanzoni nami nilidhani ni mbwembwe za wazee, maana The Cure ni kundi la Uingereza lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1979. Lakini wewe na mimi tumekulia penye taarabu, na hatukupata kumlaumu mpiga udi kwa kujipa nafasi kabla ya shairi kuanza. Isitoshe, kundi hilo halikuwa limetoa albamu mpya tangu 2008, hata ilipotoka hii, Songs of a Lost World, tarehe 1 Novemba 2024, ikiwa na nyimbo nane tu. Kwa mtu aliyekaa miaka 16, dakika tatu si kitu.

Katika miaka hiyo Smith alifiwa na mama, baba na kaka yake Richard. Wimbo wa sita, "I Can Never Say Goodbye", ni wa huyo kaka, na ndio ulionifanya nikusumbue. Unajua nami nilivyofiwa. Siku zile za matanga watu walikuja wakaketi dakani, wakasema "makiwa", nami nikajibu "tunayo", mara nyingi hata neno likawa kama punje ya tasbihi inayopita vidoleni bila kuhesabiwa. Jina la kaka yangu lenyewe sikuweza kulitamka. Usiku mmoja nilipanda darini na simu yangu, spika ya sikio moja imekufa, nikasikiliza kwa sikio la kulia huku la kushoto likisikia punda akilia kichochoroni. Piano ikarudia noti chache zile zile, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo ajua haina mtu. Smith alipoanza kuimba, nilikuwa nimekwisha kulitaja lile jina, kwa sauti, peke yangu.

Sikudai kwamba albamu yote ni asali. Wimbo wa tano una kelele nyingi, nami huuruka bila haya. Bali litazame jalada: ni kichwa cha jiwe alichokichonga Janez Pirnat wa Slovenia mwaka 1975, uso wake umebaki nusu jiwe, mithili ya ukuta wa matumbawe ulioanza kumeguka chokaa.

Huo wimbo wa mwisho Smith ameutoa katika kumbukumbu ya mwaka 1969, alipokuwa mtoto wa miaka kumi akiutazama mwezi pamoja na baba yake, wakati watu walipofika huko mara ya kwanza. Mimi hukumbuka sisi watatu tukiutafuta mwezi wa Ramadhani pale ufuoni Shela, na kaka akidai kila mwaka kwamba yeye ndiye aliyeuona kwanza, hata mbingu ikiwa na mawingu.

Basi jaribu tena, baada ya isha, taa ukiwa umezima. Ukishindwa, niandikie umeshindwa dakika ya ngapi.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Omari